Kuchimbua Mtaro au Kunyanyua Sakafu: Ulinganisho kwa Wenye Nyumba za Mabondeni Lindi na Mtwara

Kiangazi kinapoelekea ukingoni, kati ya Agosti na Oktoba, mwenye nyumba ya bondeni katika miji ya Lindi na Mtwara huwa na watu wawili wanaoitaka fedha yake ileile. Mjumbe wa serikali ya mtaa anapita na daftari akikusanya michango ya kuchimbua mtaro ambao haujaguswa kwa miaka mingi. Fundi ujenzi naye, akiwa amesimama sebuleni na kuitazama alama ya maji iliyobaki ukutani, anashauri fedha hiyo iingie kwenye kifusi na saruji ili sakafu ipande. Wachache wanaweza kuyafanya yote mawili katika mwaka mmoja, na ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya yule anayelazimika kuanza na moja.

Katika vikao vya mtaa kazi hizi mbili hujadiliwa kana kwamba zinafanya jambo moja kwa bei tofauti. Ukweli ni kwamba mtaro uliochimbuliwa hupunguza idadi ya siku ambazo maji yanafika mlangoni, na yakifika, hupunguza saa ambazo yanakaa. Sakafu iliyonyanyuliwa haipunguzi siku wala saa. Inachopunguza ni kile kinachoharibika siku hiyo. Mtaro ni wa watu wengi na huchakaa upesi, wakati sakafu ni ya mwenye nyumba peke yake na hudumu kadiri nyumba inavyodumu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ni nafuu, mtu anapaswa kujua nyumba yake inaliwa na nini: mafuriko madogo ya kila msimu, au lile moja kubwa linalokuja baada ya miaka.

Mtaro uliotelekezwa umebakiwa na nini

Nyumba ya familia yetu iko Lindi mjini, upande wa kuelekea mlimani, na nyuma yake unapita mtaro wa mawe. Mwaka tulioanza kulifikiria jambo hili nilishuka ndani ya mtaro huo pamoja na mzee jirani yetu, tukiwa na kipande cha nondo. Ulivyoonekana, ungedhani ni shamba: mchanga mwekundu uliosawazika, matete yaliyofika kifuani, mifuko ya nailoni, ndala moja ya mtoto, na mgomba ambao mtu alikuwa ameupanda na, kwa dalili zote, alikuwa akiupalilia. Tuliididimiza nondo ikazama kama kisu kwenye papai mpaka ikagonga mawe. Tulipoichomoa, tope lilikuwa limeishika sentimita 75. “Mwanangu,” mzee aliniambia, “hapa zamani mtu mzima akisimama unamwona kichwa tu.”

Kina cha asili, kwa kukadiria, kilikuwa mita 1.5, na upana wake mita 3. Tuseme mtaro kama huo una mteremko wa mita moja kwa kila mita 500. Kwa fomula ya Manning, ambayo wahandisi wa maji huitumia kukadiria mtiririko katika mifereji ya wazi, ukiwa safi unapitisha takriban mita za ujazo 6.6 kwa sekunde. Ukijaa mchanga hadi nusu ya kina, wengi tungetarajia upitishe nusu ya kiasi hicho. Haupitishi nusu. Unapitisha 2.5 hivi, kwa kuwa maji yanayopita juu ya mchanga ni ya kina kifupi na sehemu kubwa yake inasuguana na sakafu na kuta. Mchanga huo ukiota matete, msuguano unaongezeka maradufu na kiasi kinashuka hadi 1.3. Mtaro ambao kwa macho umejaa nusu unakuwa umebakiwa na sehemu moja ya tano ya uwezo wake, na hii ndiyo sababu watu hushangaa kuona mvua ya kawaida ikiwafurisha wakati mwaka juzi mvua kama hiyo ilipita salama.

Upande wa pili wa hesabu ni mvua yenyewe. Eneo la hekta 40 lenye nyumba zilizosongamana, paa za bati na nyua zilizokanyagwa zikawa ngumu, hutiririsha karibu asilimia 60 ya maji yanayoliangukia. Mvua ya milimita 20 kwa saa juu ya eneo hilo inaleta kwenye mtaro mita za ujazo 1.3 kwa sekunde, yaani kiasi kilekile ambacho mtaro wetu wenye matete ulikuwa ukiweza. Mvua ya milimita 50 kwa saa inaleta 3.3, nayo mtaro safi unaimeza bila kufika ukingoni. Ya milimita 100 kwa saa inaleta 6.7, na hapo hata mtaro safi kabisa unaanza kumwaga.

Ukizisoma tarakimu hizo pamoja, utaona kwamba faida ya kuchimbua imelala kati ya milimita 20 na 100 kwa saa. Chini ya hapo mtaro mchafu unatosha. Juu ya hapo mtaro safi bado unapunguza kinachomwagika, lakini mwenye nyumba ya ukingoni hatapata faraja kubwa kuambiwa kwamba maji yamemfika magotini badala ya mapajani. Kwa bahati njema, mvua nyingi zinazotuletea hasara katika msimu wetu, ambao kwa mikoa hii ya kusini ni mmoja mrefu kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, zimo ndani ya kipimo hicho cha katikati. Ndiyo maana, kwa mtaa ulio mbali na mto mkubwa na mbali na bahari, mimi huwa upande wa mjumbe mwenye daftari.

Haiwi hivyo kwa anayeishi kwenye uwanda wa Mto Lukuledi, Mbwemkuru au Matandu. Mto wa namna hiyo ukifura, maji yanayotembea juu ya uwanda ni mengi mara kadhaa kuliko yale yaliyomo ndani ya kingo zake, na kuongeza nusu mita ya kina chini yake ni kama kuongeza kikombe kwenye pipa. Mafuriko ya Januari 2020 yaliyoikumba Kilwa na maeneo mengine ya Mkoa wa Lindi, au mvua za Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 zilizoikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, yako nje kabisa ya hesabu ya mtaro wa mtaa. Kadhalika kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952, ambacho wazee wetu walikisimulia hadi wakaondoka nacho.

Saa ambazo maji yanakaa

Jambo ambalo mafundi wa sakafu huliruka ni muda. Katika mitaa yetu bado zipo nyumba nyingi za miti na udongo, na nyingine za tofali mbichi zilizopigwa lipu ya saruji kwa nje ili zipendeze. Ukuta wa namna hiyo unaweza kuvumilia maji ya sentimita 20 yanayopita kwa saa mbili na kuondoka. Hauwezi kuvumilia maji hayohayo yakikaa siku tatu, kwa sababu udongo wa chini unalainika taratibu, uzito wa paa unaendelea kukandamiza, na ukuta unaanguka mara nyingi siku ambayo jua limekwisha kutoka na watu wamerudi ndani kukausha magodoro. Anayeijua hatari hiyo hulala nje hata baada ya maji kupwa.

Kwa nyumba za aina hii mtaro uliochimbuliwa una thamani hata katika mafuriko makubwa yaliyoushinda, kwa kuwa mvua ikikatika unavuta maji kwa saa chache, huku uliojaa mchanga ukiyaacha yatulie hadi ardhi iyanywe. Kunyanyua sakafu ya ndani hakusaidii hapa hata kidogo: mguu wa ukuta kwa nje unabaki palepale ulipokuwa. Mwenye nyumba ya udongo akisisitiza kuitumia fedha yake nyumbani kwake, ajengewe kibaraza cha mawe na saruji kuizunguka nyumba, kiende juu kidogo kuliko alama ya maji ya mwaka mbaya, na maji ya paa yasiangukie kati ya kibaraza na ukuta.

Nyumba ya tofali za saruji ni habari nyingine. Kuta zake zinastahimili kuloa kwa siku kadhaa, na hasara kubwa inakuwa vitu vya ndani: magodoro, unga, jokofu ambalo mota yake iko chini, vyeti na hati zilizowekwa kwenye droo ya mwisho. Hasara hiyo inatokea karibu yote maji yanapopanda sentimita kumi na tano za mwanzo juu ya sakafu. Yakiendelea kupanda, kinachoongezeka ni kidogo ukilinganisha. Nyumba kama hiyo inafaidika sana na sakafu kupanda hata kidogo.

Mahali ambapo kuchimbua ni kutupa fedha

Mtaro hauna nguvu kuliko sehemu yake nyembamba kuliko zote. Bomba la kalavati lenye kipenyo cha sentimita 90, katika mteremko uleule niliotumia hapo juu, likijaa linapitisha takriban mita za ujazo 0.7 kwa sekunde, na mawili yaliyolazwa sambamba yanapitisha 1.4. Maji yakirundikana kwa juu yatalisukuma lipitishe zaidi, lakini kurundikana huko ndiko tunakokuita mafuriko. Mtaa unaweza kuchimbua mita 300 za mtaro kwa jasho na michango, ukapata uwezo wa mita za ujazo 6.6, kisha maji yote yakasimama kusubiri zamu kwenye mabomba mawili yaliyo chini ya barabara. Kabla ya kutoa senti yoyote, tembea mtaro wote kwa miguu kuelekea chini mpaka mahali unapoishia, na upime kila kalavati. Kazi hiyo haichukui asubuhi nzima.

Kikwazo cha pili ni bahari, na hapa Lindi na Mtwara zinatofautiana na miji ya bara ambayo ushauri mwingi wa mitaro umeandikiwa. Siku za bamvua katika pwani hii tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3. Mvuvi yeyote atakuambia kwamba bamvua huja mara mbili kwa mwezi wa kuandama, mwezi unapokuwa mchanga na unapokuwa mpevu, na kwamba siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi za alfajiri na saa kumi za jioni. Bamvua kubwa za mwaka huangukia karibu na Machi na Septemba, na Machi imo ndani kabisa ya msimu wetu wa mvua. Mvua kubwa ikipiga saa tisa alasiri siku ya bamvua, mtaro ambao mdomo wake uko chini ya usawa wa maji kujaa hauna pa kumwaga kwa saa mbili au tatu, uwe umechimbuliwa au haujachimbuliwa. Siku ya maji mafu, yaani siku za kati ya bamvua moja na nyingine ambazo bahari haijai sana, mtaro huohuo ungefanya kazi yake bila shida, jambo ambalo huwafanya wakazi wa karibu na ufuo waamini kwamba mafuriko yao hayana utaratibu. Utaratibu upo, na umeandikwa katika mwezi.

Baadhi ya mitaa hujibu tatizo hilo kwa kuchimba zaidi, chini ya usawa wa mdomo wenyewe. Matokeo yake ni bwawa refu lisilotoka maji, ambalo bahari ikijaa inaliingia na kulitia chumvi, na visima vya jirani vinaanza kubadilika ladha. Penye mikoko mdomoni, kishawishi ni kuifyeka ili “kufungua njia”. Mikoko ni hifadhi ya misitu na kuikata bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu ni kosa. Isitoshe, mizizi yake ndiyo inayoshikilia ukingo ambao nyumba za mbele zinautegemea dhidi ya mawimbi. Kwa wakazi wa ukanda huo wa chini, ushauri wangu ni sakafu kwanza, na mtaro baadaye ikiwa utajengewa mlango wa kuzuia maji ya bahari kurudi.

Mtwara mjini kuna hali ya tatu, nayo nitaipitia kwa ufupi: mabonde yaliyofungika ambayo maji yake hayana njia ya asili ya kutokea, na ambayo baada ya wiki kadhaa za mvua maji ya ardhini yenyewe hupanda hadi karibu na uso. Mtaro unaochimbwa ndani ya bonde la namna hiyo unahamisha maji kutoka ua mmoja kwenda mwingine. Panahitajika njia ya kutokea au pampu, na hiyo ni kazi ya halmashauri kwa bajeti yake.

Madhara ambayo mjumbe hayataji

Kuchimbua nako kuna hasara zake kwa mali ileile inayokusudiwa kulindwa. Mtaro uliojaa mchanga kwa miaka kumi umezoewa. Watu wamejenga hatua mbili kutoka ukingoni, na mchanga uliomo ndani ndio unaoegemewa na kingo zilizokwisha kuchoka. Mtambo ukiingia ukauondoa wote kwa siku moja, hasa ukizidisha kina kuliko sakafu ya awali ya mawe, ukingo unaweza kuteleza na msingi wa nyumba ukaning’inia. Ndiyo maana kuijua sakafu ya awali kwa nondo ni muhimu: hapo ndipo pa kuishia. Penye nyumba zilizosogea sana, chepe na toroli ni salama kuliko kijiko cha mtambo, ingawa kazi itachukua wiki mbili badala ya siku mbili.

Kisha kuna tope lenyewe. Mita 200 za mtaro wa upana wa mita 3, wenye mchanga wa sentimita 75, zinatoa mita za ujazo 450. Tope likichimbuliwa huvimba, kwa hiyo ni safari kama 80 za tipa la mita za ujazo 7. Michango mingi huishia kwenye kukodi mtambo, na tope linabaki limelazwa ukingoni kwa ahadi kwamba litazolewa. Mvua ya kwanza inalirudisha nusu, na nusu iliyobaki inakuwa tuta linalozuia maji ya uani yasiingie mtaroni. Nimeona nyumba ambazo hazikuwahi kufurika zikafurika mwaka huo, tena kwa maji yao wenyewe. Mkadirio wa michango usiotaja mahali tope litakapomwagwa na nani atalipa tipa urudishwe. Wala tope hilo lisigawiwe kwa wenye bustani za mchicha, kwa kuwa mtaro wa mjini umepokea majitaka ya vyoo kwa miaka yote hiyo.

Jirani wa chini pia ana haki ya kusema. Maji ambayo zamani yalikuwa yakitawanyika kwenu yakisubiri, sasa yatamfikia yote kwa pamoja na kwa kasi. Mtaa unaochimbua kuanzia juu kwenda chini unampelekea mafuriko yake. Unaoanzia mdomoni na kupanda unampa nafasi kwanza. Utaratibu huo wa pili unaleta manung’uniko kwa sababu wanaochanga zaidi mara nyingi ni wa juu, ila ndio ulio sahihi.

Sakafu: inachotoa na inachodai

Nyumba ya mita 8 kwa 10 ikinyanyuliwa sakafu kwa sentimita 45 inahitaji mita za ujazo 36 za kifusi kilichoshindiliwa, sawa na tipa sita au saba. Linganisha na tipa 80 za mtaro zikigawanywa kwa nyumba 40 zinazoutumia: tipa mbili kwa kila nyumba, pamoja na fungu la kukodi mtambo. Kwa mchango mmojammoja mtaro ni nafuu, mradi nyumba zote 40 zichange, na kila aliyewahi kushika daftari la mtaa anajua uzito wa neno hilo “mradi”.

Kifusi hakiishii kwenye kifusi. Chumba chenye kimo cha mita 2.7 kinabaki na 2.25, milango ya mita 2.1 inabaki na 1.65 na kulazimu linta kuvunjwa na kupandishwa, madirisha yanakuwa karibu na sakafu, na mama mzee anapewa ngazi tatu za kupanda kila anapotoka nje. Kwa hiyo kazi hii inafaa zaidi nyumba ambayo bado haijaezekwa au ambayo paa lake linakaribia kubadilishwa kwa vyovyote. Kuna jambo ambalo husahaulika karibu kila mara, nalo ni choo cha shimo. Ukinyanyua nyumba ukaacha choo chini, siku ya mafuriko maji yataingia shimoni na kuvitoa vilivyomo hadi uani, na sakafu yako mpya itakuwa kisiwa katikati ya uchafu. Choo kinyanyuliwe pamoja na nyumba au kabla yake. Ua wenyewe usijazwe kifusi kuuzunguka wote, kwani maji uliyoyafukuza yatakwenda kwa jirani ambaye hakuwa na fedha ya kujaza.

Kwa wanaohifadhi korosho nyumbani, ipo njia ya tatu iliyo duni kwa sura na bora kwa bei. Mavuno na minada yetu inaingiliana na mvua za mwanzo, na gunia lililoloa chini limeshuka daraja hata kama juu ni kavu. Vichanja vya mbao vya kimo cha goti katika chumba kimoja, kwa yeyote anayekumbwa na maji ya chini ya hapo, vinaokoa sehemu kubwa ya hasara kabla mtaro wala sakafu havijaguswa.

Uchaguzi, kwa hali ya nyumba

Ikiwa nyumba yako inaingiliwa na maji mara mbili au tatu kila msimu, kwa mvua ambazo hazikatishi hata safari za bodaboda, na mtaro ulio jirani unaishia mahali palipo juu ya usawa wa maji kujaa bila kalavati dogo njiani, changia mtaro na usubiri msimu mmoja kabla ya kuligusa jengo. Uwezekano ni mkubwa kwamba hutahitaji kuligusa. Ikiwa nyumba ni ya udongo, changia mtaro hata kama masharti hayo hayajatimia yote, kwa sababu ya muda nilioueleza.

Ikiwa maji yamekuja mara moja tu katika miaka kumi, na yalikuja na mto au na bahari, mtaro hautakusaidia siku yatakaporudi. Nyanyua sakafu, au angalau chumba kimoja chenye vitu vya thamani, na ongea na wakala wa bima: mafuriko kwa kawaida huongezwa juu ya bima ya moto na hayamo ndani yake tangu mwanzo, kwa hiyo usome mkataba kabla ya kudhani umekingwa. Aliye kati ya makundi haya mawili, kwa mfano mwenye nyumba ya saruji karibu na kalavati dogo, aweke nguvu zake kwanza katika kulidai kalavati lipanuliwe, kwa barua ya mtaa na kwa picha zenye tarehe, kwa sababu mchango wake mtaroni hautavuka barabara.

Barua hiyo ipelekwe panapostahili. Mitaro ya barabara za mijini iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini iliyoanzishwa mwaka 2017, na makalavati ya barabara kuu yako chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Mto wa asili, hata ukiwa mwembamba kama mtaro, hauchimbuliwi bila kuhusisha Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ufuo, na nyumba iliyo ndani ya mita hizo inaweza kujikuta ikijadiliwa yenyewe badala ya mtaro. Mwenye nyumba hiyo afikirie mara mbili kabla ya kumwaga kifusi cha fedha nyingi ndani yake.

Anayenunua kiwanja, kwa upande wake, bado ana uhuru ambao sisi wengine hatuna. Aje Machi, asije Septemba. Atazame ngazi za nyumba za jirani, kwani ngazi tatu mbele ya kila mlango katika mtaa tambarare zinasema ambacho dalali hatakisema, na akiona rangi mpya iliyoishia kimo cha kiuno, aulize iliyo chini yake ni alama ya nini.

Sisi tulianza na mtaro. Mgomba ulihamishwa na mwenyewe, baada ya kikao kirefu kuliko vyote vya mwaka ule. Msimu uliofuata maji yalisimama nje ya mlango wa mbele, na yaliingia katika chumba cha nyuma tu, ambacho sakafu yake iko chini ya ukingo wa mtaro tangu kilipojengwa; hicho tulikinyanyua mwaka wa pili kwa tipa moja. Nondo tumeitunza. Imepakwa mstari mwekundu wenye kimo cha sentimita 30, kwa kuwa mchanga wa kiasi hicho katika mtaro wetu unaondoa robo ya uwezo, na kila Agosti inashushwa mahali patatu: mdomoni, chini ya kivuko cha waenda kwa miguu, na nyuma ya nyumba ya yule mzee. Ikitoka na tope lililoufikia mstari mahali popote kati ya hapo, daftari la michango linafunguliwa. Isipofika, wanafyeka matete tu, kwa kuwa matete peke yake, bila punje ya mchanga, yanakula nusu ya mtaro.